Marubani Wasiitwe Kusalimia

Risala ya Klabu ya Mabawa ya Kitale na Bungoma kwa mgeni rasmi, siku ya mashindano ya kirafiki, ukingo wa Kaptolo, juu ya Cheptais

Mgeni rasmi,

Mwaka jana, siku kama ya leo, hapa hapa lilipo hema lako, rubani wetu Nanyama aliruka kutoka ukingoni bila kufungwa kwenye bawa lake la kurukia. Mwanzo alikuwa amefungwa. Alifunguliwa ili aje akusalimie. Aliporudi hakufungwa tena, na sote tuliokuwa pale hatukuona. Wewe hukuambiwa. Leo tunakuambia.

Tunajua risala huanza na shukrani, tutafika huko. Lakini unaposikia maneno haya, marubani sita wako mkono wako wa kulia, nyuma ya kamba, wamekaa chini ya mabawa yao na wamekwisha kufungwa. Tumewafunga mapema makusudi. Jana msaidizi wako, Bwana Mukhisa, alitupigia simu akasema marubani wapangwe mstari mbele ya hema uwape mkono kabla hawajaruka, kama mwaka jana. Tukamjibu hapana. Akasema, "Hiyo mtamwambia mheshimiwa wenyewe." Haya, tumekuja kukuambia wenyewe.

Upepo wa hapa hupanda kutoka bondeni kuanzia saa nne. Ikifika saa sita huwa unavurugika na hakuna mtu mwenye akili anayeruka. Risala hii inasomwa kwa robo saa. Tumeipima kwa saa ya mkononi mara tatu, kwa hivyo tukisoma haraka, usione ni utovu wa adabu.

KARIBU

Karibu sana, mheshimiwa, wewe na wote ulioandamana nao. Barabara ya kupanda huku unaijua sasa, na kurudi mara ya pili ni heshima. Tunawasalimu pia wazee wa Cheptais, wachungaji, na Mama Mary Ann, ambaye shambani kwake, kwenye mahindi huko chini, ndiko tunakotua. Kila mwaka anatungoja tumalize mashindano ndipo alete ng'ombe wale mabua. Ng'ombe wake wanatuchukia.

Risala ni ya klabu nzima. Aliyetumwa kuiandika na kuisoma ni Wekoye, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kitale, ambaye masomo yake yaliishia darasa la sita. Tulimchagua kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Humu ndani tutamwita Wekoye kama tunavyowaita wengine kwa majina yao, kwa kuwa haya si yake peke yake. Akimaliza kusoma hatangoja makofi. Ataenda kushika pua ya bawa la kwanza.

TULIKOTOKA

Klabu hii ilianzia kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gurdev, Bungoma mjini. Mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake nchini alimwachia bawa kuukuu akisema atalirudia. Miaka minne ikapita, mzee akachoka kulipangusa vumbi. Akamwita Wekoye kutoka Kitale amtengenezee bomba moja lililopinda.

Wekoye alilitazama lile bawa, kitambaa chake na mabomba yake mepesi, akasema, "Mzee, hili bomba halichomelewi. Ukichomelea linakuwa biskuti. Linabadilishwa."

"Kwani wewe umewahi kuona kitu hiki?"

"Sijawahi. Lakini chuma naijua."

Mzee Gurdev akacheka, akamwambia alete bomba jipya. Kutoka siku hiyo Wekoye hakutoka tena kwenye jambo hili. Akapatikana mwalimu kutoka upande wa Bonde la Ufa, akatufundisha miezi saba kwenye kimteremko kidogo kule Kwanza, karibu na Kitale, mahali ambapo ukianguka unaumia makalio tu. Nanyama alikuwa wa pili kujiunga. Alikuwa akiuza mbegu na mbolea kwenye duka moja Kitale, msichana wa maneno machache, na ndani ya mwaka mmoja akawa anatushinda wote.

Wekoye mwenyewe haruki. Aliruka mara mbili, akasema inatosha, Mungu asimfikirie ana mchezo. Kazi yake ni kushika pua. Bawa likiwa ukingoni, kabla rubani hajakimbia, lazima mtu asimame mbele ashike nyaya za puani, upepo usilipindue. Huyo huyo ndiye anayesimamia kile tunachokiita kulala. Rubani anavaa mikanda yake, anafungwa kwenye kulabu ya chuma iliyo katikati ya bawa, halafu analala, tumbo chini, mwili wote ukining'inia kwenye ile kulabu. Ikishika, analala vizuri. Isiposhika, anaanguka kifudifudi kwenye nyasi, watu wanacheka, anaamka na kufungwa. Jambo lenyewe ni dogo hivyo.

Baada ya kulala, Wekoye alikuwa akifunga utepe mwekundu kwenye pua ya bawa. Kila mtu akiuona utepe, anajua rubani wa bawa hilo yuko tayari. Utaratibu huo tuliubuni wenyewe na tulijivunia sana. Mwalimu wetu hakutufundisha.

TULIYOYAWEZA

Tumefanya mashindano haya mara sita, Kitale kwa Bungoma. Tunahesabu dakika za kukaa hewani na tunapima nani ametua karibu zaidi na duara la chokaa. Zawadi ni jogoo mmoja, naye huliwa siku hiyo hiyo na wote, walioshindwa wakiwemo. Watu wa Bungoma huwaambia wa Kitale, "Nyinyi ugali umewajaza, bawa litawabeba wapi?" Wa Kitale hujibu, "Nyinyi mlikuja kwa sababu ya kuku, semeni ukweli." Miaka mitano ya kwanza, jeraha kubwa lilikuwa kifundo cha mguu kilichoteguka, tena kiliteguka wakati wa kumkimbiza jogoo.

Hayo ndiyo mafanikio. Tungeweza kuyaongeza lakini upepo hautungoji.

SIKU ILE

Mheshimiwa, ulitarajiwa saa nne. Ulifika saa tano na dakika arobaini. Hatukulaumu kwa hilo, tunajua ulikuwa na matanga kule Kwanza asubuhi. Tunaeleza tu mambo yalivyofuatana.

Marubani tisa walikuwa wamekwisha kulala, kila mmoja amefungwa, utepe uko puani. Nanyama alikuwa wa kwanza kuruka. Bawa lake lilikuwa tayari hatua tatu kutoka ukingoni na Wekoye ameshika nyaya. Ndipo magari yako yakaingia, na Bwana Mukhisa akaja mbio.

"Nyinyi! Mheshimiwa amefika na mmempa mgongo?"

Wekoye akasema bila kugeuka, "Ako tayari huyu, bana. Upepo ni mzuri. Si aruke kwanza, wasalimiane chini?"

"Ati aruke kwanza? Mtu ametoka mbali hivyo apungiwe mkono kama matatu? Washuke wote wapange laini. Dakika mbili tu."

Wekoye alimtazama Nanyama. Nanyama akamwambia, "Wacha niende, mzee. Tusimuaibishe mgeni." Maneno hayo ni yake, na anakubali tuyaseme. Kwetu, mtu mzima akifika na usimpe mkono, utaitwa mtoto wa nani? Hata Wekoye aliona haya. Akaachilia nyaya, wakaliweka bawa chini, Nanyama akafungua kulabu mwenyewe. Wengine wanane wakafungua zao. Mikanda hawakuvua, ina vifungo vingi. Kofia hawakuvua. Walikuja mbele ya hema lako wamevaa kila kitu, na ungewatazama ungesema watu hawa wako tayari kabisa. Sisi pia tuliwatazama, tukasema hivyo.

Uliwapa mkono mmoja mmoja. Ulimuuliza Nanyama babake ni nani, alipokutajia ukasema mlisoma pamoja. Akafurahi. Mchungaji akaomba. Picha ikapigwa, ikarudiwa kwa sababu mmoja alifumba macho. Dakika mbili zikawa kumi na tisa. Tayari ilikuwa saa sita, na upepo umeanza kuyumba.

Kutoka hapo kila mtu alikuwa na haraka. Bwana Mukhisa alisema uko na mkutano Kitale saa saba na ungependa kumwona angalau mmoja akiruka. Nanyama alirudi mbio, akaingia chini ya bawa, akaliinua mabegani. Wekoye alishika nyaya. Mbele ya macho yake, upana wa kiganja kutoka usoni pake, ulikuwa utepe mwekundu. Aliufunga yeye mwenyewe saa mbili nyuma. Hakuna aliyeufungua, kwa sababu hatukuwahi kufikiri kwamba rubani anaweza kuondoka na utepe ukabaki.

Wekoye aliuliza, "Tayari?"

Nanyama akajibu, "Tayari."

Ukashusha bendera tuliyokupa, ishara ya kuanza. Wekoye akaruka pembeni, Nanyama akakimbia hatua tano, na ukingo ukaisha.

Kutoka hemani huwezi kuona chini ya ukingo. Ulichokiona ni bawa la rangi ya chungwa likielea vizuri kwenda bondeni. Ian, aliyekuwa na kipaza sauti, akapaza, "Nanyama huyo! Kitale juu!" Watu wakapiga makofi, nawe ukapiga. Ukaingia garini huku makofi yakiendelea. Ndiyo sababu hatusemi ulimkimbia mtu aliyeanguka. Uliondoka ukijua umeona jambo jema.

Wekoye alikuwa amelala kwenye nyasi pale alipojitupa, kwa hivyo aliona kutoka chini. Rubani aliyefungwa akitoka ukingoni hulala, miguu nyuma. Nanyama miguu yake ilikuwa ikining'inia. Alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili kama mtu aliyedandia tawi, na bawa lilikuwa linampeleka nje, mbali na mlima, mahali ambapo chini hakuna kitu kwa mita mia tatu.

Wekoye akapiga kelele, "Achilia! Nanyama, achilia! Achilia sasa!"

Ni neno baya kumwambia mtu aliye hewani. Lakini mteremko ulikuwa bado karibu chini yake, na baada ya muda mfupi tu usingekuwepo. Nanyama anasema hakuelewa kwa nini Wekoye anamwambia hivyo. Aliamini tu sauti. Akaachilia. Alianguka kama kutoka ghorofa ya tatu, kwenye vichaka na mawe. Bawa likaendelea peke yake hadi bondeni, na watu wa chini wakalishangilia mpaka lilipogonga ghala la jirani wa Mama Mary Ann.

Wekoye aliteremka kwa makalio na mikono. Alimkuta Nanyama macho yake yamefunguka.

"Mzee," akamwambia, "sikufungwa?"

"Hukufungwa."

"Nilikuwa nimefungwa lakini."

"Ulikuwa."

Huku juu, Mzee Gurdev alikuwa na akili kuliko sisi sote. Hakushuka. Alienda kwa marubani wanane waliobaki, akamwambia kila mmoja alale. Sita walikuwa wamekumbuka kujifunga. Wawili walianguka kifudifudi kwenye nyasi, utepe mwekundu ukipepea juu ya vichwa vyao. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulimbeba Nanyama juu kwa mlango tulioung'oa kwenye choo cha nyuma ya hema. Magari yako matano yalikuwa yameshafika kwenye kona ya chini. Tulipiga filimbi, tukapunga mashati. Dereva wa gari la mwisho alipunga mkono naye, akidhani tunamuaga. Tulipata pikapu iliyokuwa ikipeleka nyanya sokoni Cheptais, tukamwaga nyanya kando ya barabara, tukamlaza.

BAADA YA HAPO

Kulikuwa na mkutano mkali kwenye duka la Mzee Gurdev. Wapo waliosema makosa ni ya Nanyama, rubani ndiye mwenye shingo yake. Wapo waliosema ni ya Wekoye. Wekoye alisimama akasema, "Ni yangu. Nilitazama utepe, sikutazama kulabu." Wapo pia waliosema ni yako, mheshimiwa, na hao walikuwa wengi. Hatukuficha hilo na hatulifichi leo. Mwishowe Nanyama alituma ujumbe kutoka kitandani: mkimaliza kugawana makosa, semeni mtafanya nini.

Tumefanya haya. Utepe tumeuchoma, wote, roli nzima. Rubani akitoka chini ya bawa lake, hata akienda kukojoa, bawa linalazwa kifudifudi na yeye anaanza upya. Mshika pua haulizi "tayari," kwa sababu kila mtu hujibu tayari. Anamwambia rubani alale, na anaitazama kulabu kwa macho yake. Na rubani aliyefungwa haitwi na mtu yeyote. Haitwi na mwenyekiti wala mchungaji, na mama yake mzazi akija atangoja.

TUNACHOOMBA

Watu wengi wanaosoma risala huomba barabara, maji na basi la klabu. Hivyo tunavihitaji, lakini leo hatuviombi. Tunaomba mambo mawili, na yote mawili unaweza kuyafanya kabla ya saa sita bila kuandika barua.

La kwanza, mheshimiwa, usiwaite. Wako hatua arobaini kutoka kwako na wanakuona. Wanajua wewe ni nani na wanakuheshimu. Kuna wawili kati yao ambao ukiwanyooshea mkono tu watafungua kulabu na kuja, kwa sababu ndivyo walivyolelewa, na utaratibu wote tuliouandika hautawashika. Tunakuomba uwaache. Usishushe bendera pia. Atakayesema kimbia ni mshika pua, akiona kulabu na akiuona upepo. Akisema leo haturuki, usikasirike. Halafu teremka kwa gari hadi shambani kwa Mama Mary Ann, na kila atakayetua mpe mkono huko, mshike hata dakika kumi, muulize babake na babu yake. Nanyama yuko huko chini na saa ya kuhesabia dakika. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Yeye pia anakungoja.

La pili, magari yako ni matano. Tunaomba moja libaki, na dereva wake abaki ndani yake, mpaka wa mwisho atue. Bwana Mukhisa ametuambia ratiba hairuhusu. Tunamheshimu Bwana Mukhisa, lakini gari si lake.

Ukikataa, mheshimiwa, hatutakutukana. Tutawafungua wale sita, watakuja, watakupa mkono, na mashindano yataishia hapo. Tumeshakubaliana. Jogoo tutamla.

GHARAMA

Mungu akujalie maisha marefu na safari njema ya kuteremka. Awalinde walio chini ya mabawa saa hii, na ampe nguvu Nanyama na mama yake. Haya ndiyo yaliyotumika mwaka jana, ili mheshimiwa ujue.

Hatua arobaini kuja kwako na arobaini kurudi. Mikono tisa iliyosalimiwa. Dakika kumi na tisa. Sekunde saba za kuning'inia, kwa hesabu ya video ya simu ya Ian. Mifupa sita: visigino vyote viwili, nyonga, mkono wa kushoto, na pingili mbili za uti wa mgongo. Saa mbili na nusu barabarani hadi Bungoma. Siku mia moja na kumi na nane kitandani. Magongo mawili, na daktari hajasema lini ataacha hata moja. Msimu mmoja wa mahindi ambao mama yake hakupanda kwa sababu alikuwa hospitalini. Marubani watatu ambao hawatapanda mlima huu tena: Nanyama, na wale wawili walioanguka kwenye nyasi.

Ni sisi, Klabu ya Mabawa ya Kitale na Bungoma. Marubani wetu walikuwa tisa, wamebaki sita.